Breki za Baisikeli ya Mlimani: Kuzichagua na Kuzitunza

Mtu anaponunua baisikeli katika nchi ya vilima, neno analouliza kwanza ni kama itapanda. Huhesabu gia zake, huinyanyua kwa mkono mmoja apate kujua uzito wake, hubonyeza mipira ya magurudumu kwa kidole gumba, kisha hutoa fedha. Ni wachache wanaouliza neno la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza: je, itasimama? Kilima cha kupanda humchosha mtu tu, na akichoka aweza kushuka akaisukuma baisikeli yake. Kilima cha kuteremka hakimpi nafasi hiyo. Breki zikikataa, mzigo ukiwa nyuma na matope yakiwa mbele, wakati wa kufikiri umekwisha pita.

Kwa miaka mingi baisikeli iliyojulikana sana katika Kenya ilikuwa ile nyeusi, nzito, yenye magurudumu ya inchi 28, ambayo watu waliipa jina la black mamba. Breki zake ni vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye usukani mpaka kwenye gurudumu. Mtu akivuta kishikio, vyuma hivyo huinua raba mbili zikabana rimu kwa upande wa ndani. Baisikeli hiyo ingali ikifanya kazi nyingi. Walakini siku hizi imepata mwenzake, yaani baisikeli ya mlimani, yenye mipira minene, usukani ulionyoka na gia nyingi. Nyingine huja mpya, na nyingine huja zikiwa zimekwisha kutumika katika nchi za Ulaya. Kwa kuzitazama kwa mbali zote hufanana. Bali breki zake hazifanani, na asiyejua tofauti yake hununua kwa rangi.

Yafaa kukumbuka jinsi baisikeli za namna hii zilivyoanza, maana habari hiyo yenyewe ni habari ya breki. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, katika jimbo la California huko Marekani, walikuwa wakichukua baisikeli kuukuu zenye mipira minene na kuteremka nazo katika njia za milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano katika njia moja karibu na mji wa Fairfax, njia yenye urefu wa maili 2 hivi, iliyoteremka kiasi cha futi 1,300. Baisikeli zao nyingi zilikuwa na breki ile iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambayo hushika mtu akikanyaga pedeli kinyumenyume. Walipofika chini, kitovu kilikuwa kimepata moto hata grisi iliyokuwa ndani ikaungua na kutoa moshi. Iliwapasa kukifungua na kukijaza grisi mpya kabla ya kuteremka tena, na kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza upya. Baisikeli za mlimani zilizotengenezwa baadaye ziliiacha breki hiyo, zikachukua breki zinazobana rimu, mbele na nyuma.

Moto ule haukuwa ajabu. Breki haiuondoi mwendo. Huugeuza uwe joto. Na afikiriwe mtu ambaye yeye, baisikeli yake na mzigo wake pamoja wana uzito wa kilo 100. Akiteremka polepole kilima chenye kimo cha mita 100 kutoka kilele mpaka chini, breki zake zaweza kupokea joto ambalo, kama lingetiwa chini ya sufuria bila kupotea, lingechemsha maji yanayokaribia theluthi moja ya lita. Hicho ni kikombe kikubwa cha chai. Na yule anayeteremka kutoka Iten mpaka chini katika bonde la Kerio hushuka zaidi ya mita 1,000. Upepo na njia huchukua sehemu yake, lakini hesabu nzima ni kama ya kuchemsha birika la lita 3. Joto hilo huingia katika raba ndogo na vyuma vyembamba. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa kuzuiwa huzidi mara nne. Mtu akiyajua haya hatauliza tena kwa nini breki iliyoshika vizuri sokoni, mahali pa tambarare, imekataa kushika kilimani.

Breki zinazoonekana katika baisikeli za mlimani ni za namna tatu.

Namna ya kwanza ni breki za mikono miwili ya chuma, iliyofungwa kwenye uma wa mbele na kwenye fremu nyuma, ambayo huvutwa na waya ili raba zibane rimu kutoka pande mbili. Zile za zamani huitwa kantileva. Zile ndefu zaidi, zilizoenea baada ya kampuni ya Shimano ya Japani kuzitoa mwaka 1996, huitwa V-breki. Nguvu zake zatosha kwa kazi nyingi, raba zake ni za bei nafuu, na fundi afanyaye kazi chini ya mti aweza kuzitengeneza kwa vyombo vichache. Ubaya wake ni kwamba hushika mahali ambapo maji na matope hufika upesi. Rimu ikilowa, breki huchelewa mpaka raba ziyafute maji kwanza. Kama rimu ni ya chuma king'aacho, si ya alumini, kuchelewa huko kwaweza kumtupa mtu mtoni. Hapana budi pia kishikio kiwe cha namna moja na breki. V-breki huhitaji waya uvutwe sana kuliko kantileva, na fundi akichanganya kishikio cha kale na V-breki, kishikio kitafika kwenye usukani kabla raba hazijabana sawasawa.

Namna ya pili ni breki za diski zinazovutwa kwa waya. Hapa rimu haiguswi kabisa. Bamba la chuma la mviringo limefungwa kwenye kitovu cha gurudumu, na kibanio chenye pedi mbili hulibana. Kwa kuwa diski iko mbali na ardhi, mvua haiidhuru sana, na hata gurudumu likipinda kidogo breki huendelea kushika. Waya wake ni ule ule unaouzwa kila mahali.

Namna ya tatu ni diski zinazosukumwa kwa mafuta. Kishikio husukuma mafuta katika mrija, na mafuta husukuma pistoni ndani ya kibanio. Hizi zina nguvu kupita nyingine, na kidole kimoja au viwili hutosha kuzikaza. Lakini zataka mafuta ya namna yake yenyewe. Baadhi ya breki hutumia mafuta ya madini na baadhi hutumia mafuta ya breki yanayoandikwa DOT. Mtu akitia ya DOT, kama yale ya breki za motokaa, katika breki ya mafuta ya madini, mipira iliyo ndani huharibika, na breki yote hupotea.

Basi ni ipi iliyo bora? Na uchukuliwe mfano wa majirani wawili wa Murang'a, mkulima na karani, ambao nyumba zao ziko juu ya mgongo mmoja wa nchi, na soko liko juu ya mgongo wa pili, mto ukiwa katikati. Walikwenda pamoja kwa fundi wa baisikeli.

"Mzee, wewe utachukua mzigo gani?" akauliza fundi.

"Maziwa, mwanangu. Lita 20 kila asubuhi mpaka kituo cha kupokelea."

"Na breki ikiharibika, utaitengeneza wapi?"

"Si hapa kwako? Nitakwenda wapi tena?"

"Basi chukua hii ya V-breki, yenye rimu za alumini. Raba zake ninazo siku zote."

Mkulima akaitazama nyingine iliyoegemezwa ukutani, yenye diski za mafuta. "Na hii je?"

"Sikufichi, Mzee. Siku ya mvua hiyo ni bora. Lakini mafuta yake siuzi, na pistoni zikikwama itakubidi kuipeleka mjini, nayo maziwa hayangoji."

Mkulima akakubali. Karani, ambaye hupita mjini kila siku ya kazi na hana shida ya kupata vipuri, akainunua ile ya diski. Wala hakukosea. Kila mmoja alichagua kwa kadiri ya mzigo wake, kilima chake, na mahali atakapopata msaada. Hizo ndizo hoja tatu za kuchagulia, wala hakuna ya nne iliyo kubwa kuliko hizo. Kwa yule achukuaye mizigo mizito katika miteremko mirefu yenye mvua nyingi, diski hustahili gharama yake, ikiwa fundi azijuaye yuko karibu. Kwa yule aliye mbali na mji, breki bora ni ile anayoweza kuitunza kwa mkono wake mwenyewe.

Walakini kuchagua vema ni nusu ya kazi tu. Mvua za masika zilipoanza, diski za karani zilianza kupiga kelele kila alipozikaza. Watu wakageuka kumtazama njiani, naye akaona haya. Jioni moja akachukua kopo la mafuta ya cherehani, akatia tone kwenye kila diski, mbele na nyuma, kama mtu atiavyo bawaba ya mlango. Kelele ilikwisha. Asubuhi yake akamweka binti yake wa miaka saba kwenye keria ili ampeleke shule, akaanza kuteremka kuelekea mtoni. Akakaza vishikio, vikakazika sawasawa, bali diski ziliteleza katikati ya pedi kana kwamba hazikuguswa. Akashusha miguu, viatu vikateleza katika tope. Mwishowe akaielekeza baisikeli ukingoni mwa njia, katika majani ya nepia, wakaanguka wote wawili. Yeye alichubuka magoti. Mtoto alivunjika mkono.

Fundi alipoletewa baisikeli hakumkemea. Alizitoa pedi, akazinusa, akasema, "Karani, breki ilikuwa ikikuita, nawe ukaiziba mdomo."

Breki ikilia inasema neno, na yapasa neno hilo lisikilizwe. Huenda pedi zimekwisha hata chuma kinasugua chuma. Huenda pana mchanga. Huenda pana mafuta yaliyorukia kutoka kwenye mnyororo. Au kibanio kimelegea. Dawa yake si mafuta kamwe. Diski hufutwa kwa kitambaa safi chenye spiriti, na pedi zilizokwisha kunywa mafuta hutupwa, zikawekwa mpya. Pedi mpya nazo hazishiki vizuri mara moja. Mwenye baisikeli na aende mahali pa tambarare, apate mwendo wa kiasi, akaze breki polepole mpaka karibu kusimama, kisha aachilie. Afanye hivyo kama mara ishirini kwa kila breki, kabla hajakwenda kilimani.

Mkulima naye hakuwa bila kosa. Alikuwa amebadilisha raba zake mara kwa mara, akijisifu kwamba hana shida. Lakini hakuitazama rimu hata siku moja. Fundi alipopitisha ukucha juu yake, aliona ubavu umekuwa na shimo kama kijiko, kwa sababu raba zilizojaa mchanga zilikuwa zikiila kila siku kama msasa. Rimu nyingi za alumini zina alama ndogo, mfuo au kitundu, penye ubavu unaobanwa. Alama hiyo ikifutika, rimu imekwisha. Ikiendelea kutumika, siku moja ubavu utapasuka, na gurudumu litakwama likiwa mbioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mkulima huyu ulikuwa bei ya rimu mpya. Alishukuru kwamba haukuwa mkubwa zaidi.

Utunzaji wa breki hautaki elimu kubwa, wataka desturi. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, mwenye baisikeli na akaze vishikio vyote viwili kwa nguvu. Kishikio kikigusa usukani, safari isianze. Kisha na aisukume baisikeli mbele akikaza breki ya mbele peke yake: gurudumu la nyuma lapaswa kutaka kuinuka. Akikaza ya nyuma peke yake, gurudumu lapaswa kuburura bila kuzunguka. Kazi hii haizidi muda wa kufunga kamba za viatu.

Mara moja kwa juma, na mara nyingi zaidi katika masika, baisikeli na ioshwe. Rimu na raba zifutwe, na mchanga au vipande vya alumini vilivyoshika katika raba vitolewe kwa ncha ya kisu. Raba ina mifuo. Mifuo ikifutika, raba ibadilishwe. Raba iguse rimu peke yake, isiguse mpira, maana itautoboa. Wala isishuke chini ya rimu, maana itaingia katika spoki. Ncha ya mbele ya raba na itangulie kugusa kidogo sana, kwa unene wa karatasi ngumu, nayo kelele itapungua. Waya utazamwe mahali unapoingia katika ala yake na mahali unapofungwa kwa nati. Uzi mmoja ukikatika, waya wote ubadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa nyuzi zilizobaki hazitangoja. Gurudumu likiyumba, linyoshwe, kwa sababu breki ya rimu haiwezi kubana sawa gurudumu lililopinda.

Kwa wenye diski, pedi zitazamwe kwa kuchungulia ndani ya kibanio. Unene wa pedi, bila kuhesabu bamba lake la chuma, ukibaki milimita 1 hivi, ni wakati wa kuzibadilisha. Katika nchi yenye matope mengi, pedi zilizotengenezwa kwa unga wa metali hudumu kuliko zile laini, ijapokuwa hulia zaidi. Lakini kwanza isomwe diski yenyewe, maana nyingine zimeandikwa kwamba hazitaki pedi hizo. Gurudumu likitolewa, kishikio cha breki ya mafuta kisikazwe, maana pistoni zitatoka na pedi zitakutana. Na kishikio kikiwa laini kama sifongo, au kikihitaji kukazwa mara mbili ndipo kishike, pana hewa katika mafuta. Ipelekwe kwa fundi, wala isitumiwe kilimani.

Kuna neno jingine liwahusulo wanunuao baisikeli zilizotumika. Katika baisikeli za namna ya Kiingereza, kishikio cha mkono wa kulia ni cha breki ya mbele. Katika nyingi zitokazo nchi nyingine za Ulaya, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea moja, akipanda nyingine kwa haraka, atakaza ya mbele akidhani ni ya nyuma. Ajaribu kwanza kwa miguu, na akitaka fundi aweza kuzibadilisha.

Wengi huiogopa breki ya mbele, na wengine huiondoa kabisa. Hilo ni kosa. Baisikeli ikipunguzwa mwendo, uzito huhamia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuteleza, na la mbele hushika ardhi kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Itumiwe pamoja na ya nyuma, kwa kukazwa pole pole, mwili ukirudishwa nyuma kidogo. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake, na penye tope breki ya mbele ishikwe kwa wepesi. Katika mteremko mrefu, breki isiburutwe njia nzima. Ikazwe, iachiliwe, ikazwe tena, ili upepo uipoze. Na kama mzigo ni mzito, mtu asimame njiani apumzike. Rimu iliyopata moto sana yaweza kuupasua mpira, na diski iliyotoka kilimani humchoma aigusaye.

Mkono wa mtoto yule ulipona baada ya majuma kadhaa. Karani angali akimpeleka shule kwa baisikeli ile ile, na diski ni zile zile. Pedi tu ndizo mpya. Lakini kila asubuhi, kabla ya kumpandisha kwenye keria, hukaza vishikio vyote viwili na kusikiliza. Binti naye amejifunza kungoja. Hapandi mpaka baba yake amekwisha kusema, "Zimeshika."